Chumba na Sebule Mururu: Vidokezo 13 vya Kupendezesha Nyumba Ndogo kwa Mikono Yako

Ukishuka kutoka Kamembe kuelekea Bugarama, unaingia Mururu, wilayani Rusizi, Rwanda, kabla hujakaa sawa kwenye kiti cha gari. Mto Rusizi uko bondeni, vilima vya Kongo vinakutazama ng'ambo, na kando ya barabara nyumba za kupanga zimesimama moja nyuma ya nyingine: mwenye nyumba mbele, aneksi nyuma, chumba na sebule, sakafu ya sementi, bati juu. Humo wanakaa walimu, wauguzi, vijana wanaofanya kazi mpakani, madereva wa pikipiki na wafanyabiashara wanaoshinda wakivuka kwenda na kurudi. Wengi wana hamu ileile: nyumba iwe ndogo, sawa, lakini isifanane na stoo.

Habari njema ni kwamba kazi nyingi unaiweza mwenyewe, jioni na mwisho wa wiki. Fuata mpangilio huu tu: kwanza nyumba ikauke, pili iwe na mwanga, tatu ipate nafasi, ndipo urembo uje. Wengi huanza na urembo, halafu wanashangaa kwa nini picha nzuri imeota kuvu mgongoni. Na kwa kuwa umepanga, pesa yako kubwa iende kwenye vitu utakavyobeba siku ya kuhama.

1. Anza na mwenye nyumba kabla ya kwenda dukani

Kabla ya kununua hata brashi, omba ruhusa, na ruhusa hiyo iandikwe. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Jambo mama, naomba kupaka rangi sebule. Rangi nanunua mimi, kazi nafanya mimi. Ukikubali, tuandike kwamba kodi haitapanda kwa sababu ya rangi hiyo." Sentensi ya mwisho usiione ndogo. Nyumba ikianza kupendeza, mwenye nyumba naye huanza kupiga hesabu.

Piga pia picha za kila ufa, kila kioo kilichopasuka na kila doa la maji, siku unayoingia. Ukihama, picha hizo ndizo zitakazoongea kuhusu amana yako. Na kama ukuta umebomoka au bati linavuja, hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Wewe unapamba, yeye anajenga. Akikubali ukarabati ufanyike kwa pesa yako na ukatwe kwenye kodi, andikeni kiasi na mwezi.

2. Kausha kabla ya kupaka

Wilaya ya Rusizi inapata mvua hasa. Kuna masika ya Machi hadi Mei, kisha mvua za Septemba hadi Desemba, na nyumba iliyokatwa kwenye mteremko wa kilima hunywa maji kutoka upande wa mlimani. Ukiona rangi inavimba na kubanduka chini ya ukuta, au alama za chumvi nyeupe zinatokeza, hilo ni tatizo la maji. Paka utakavyo, litarudi.

Zunguka nje mvua ikinyesha utazame maji yanakwenda wapi. Mara nyingi dawa ni jembe tu: mfereji mdogo nyuma ya nyumba, udongo uliolundikana ukutani uondolewe, mfereji wa bati uzibuliwe majani. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, ukiisha, majembe yako nje na majirani wako macho. Malizia na mfereji wenu.

Ndani, kuvu nyeusi ya ukutani ioshe kwa maji yaliyochanganywa na jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu kumi hivi za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, maana hewa inayotoka ni sumu. Kabati na kitanda viache upana wa kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite. Kisha ngoja. Miezi ya Juni hadi Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea, ndiyo miezi ya rola.

3. Gonga ukuta uujue

Kabla ya kupigilia msumari, gonga ukuta kwa kiungo cha kidole mahali mbalimbali. Ukuta wa matofali ya kuchoma au wa bloku hutoa sauti ngumu, kavu. Ule wa rukarakara, matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, hutoa sauti nzito iliyozibwa hata kama umepakwa plasta ya sementi juu. Tofauti hii ndiyo itakayoamua kama rafu yako italala ukutani au itakulalia wewe.

Kwenye tofali la kuchoma, toboa kwa drili, weka plagi ya plastiki, kaza skrubu. Kwenye rukarakara, msumari mmoja hauwezi kubeba mzigo: plasta inameguka, na nyuma yake ni vumbi. Huko tumia ubao mrefu mmoja, wa sentimita 7 hivi kwa upana, uliokamatwa kwa misumari mirefu sehemu tano au sita, kisha kila unachotaka kukitundika kikae kwenye ubao huo. Mzigo unagawanyika, ukuta unabaki na matobo machache, na ubao ukipakwa rangi ya ukuta hauonekani kabisa. Vitu vizito, kama rafu ya vitabu au kabati la vyombo, visimame sakafuni kwa miguu yao.

4. Piga hesabu ya rangi ukiwa bado nyumbani

Muuzaji hatakuambia ndoo imezidi. Chukua futi kamba. Tuseme chumba ni mita 3 kwa 3 na ukuta una urefu wa mita 2.5 kwenda juu. Mzunguko ni mita 12. Zidisha kwa 2.5, unapata mita 30 za mraba. Toa mlango na dirisha, karibu mita 3, zinabaki 27. Mikono miwili ya rangi ni mita 54 za mraba.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa laini. Kwa hiyo unahitaji lita 5 na nusu, nunua 6. Ukuta wenye plasta mbichi au mkavu sana hunywa zaidi, kwa hiyo mkono wa kwanza usiwe rangi ya bei: paka praima, au rangi nyeupe ya kawaida iliyozimuliwa kidogo kwa maji.

Mpangilio wa kazi ni huu: kwangua kinachobanduka, ziba nyufa kwa puti, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha kikauke, ndipo upake. Anza na kona kwa brashi, malizia katikati kwa rola. Ubaki na rangi kidogo kwenye chupa iliyofungwa vizuri, uandike juu jina na namba ya rangi. Watoto wa jirani watakuja tu na mikono ya embe. Na kama ukuta una rangi ya mafuta ya zamani sana, usiikwangue kavu mbele ya watoto: baadhi ya rangi za zamani zina risasi. Lowesha kwanza, fagia vipande vyote na uvitupe.

5. Kuta tatu nyepesi, ukuta mmoja wenye neno

Chumba kidogo kinapenda rangi nyepesi: nyeupe ya maziwa, kijivu chepesi, rangi ya mchanga. Nyeupe kali ya hospitali iepuke, hasa ukiwa na taa nyeupe. Usiku utajiona uko wodini. Sehemu ya chini ya ukuta, kama mita moja kutoka sakafuni, inaweza kupakwa rangi iliyokolea inayooshika, kwa sababu tope jekundu la huku halina adabu.

Ukuta mmoja, ule unaoonekana mtu akifungua mlango, upe neno lake. Hapa Rwanda ina hazina yake: imigongo. Sanaa hii ilizaliwa upande wa pili wa nchi, Gisaka, katika eneo la Kirehe ya leo, na masimulizi huitaja kuwa ya Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Wasanii, wengi wao wanawake, huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, huinua matuta ya mistari juu ya ubao, kisha hupaka rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hakuna ua, hakuna twiga wala jua linalozama; ni pembe, misharazi na mizunguko inayojirudia.

Kipande kimoja halisi kutoka kwa wasanii wenyewe kina thamani kuliko picha kumi za plastiki. Ukiwa huna pesa yake bado, azima nidhamu yake: rangi tatu tu, umbo moja linalorudiwa. Kata utepe wa karatasi wenye gundi, panga pembetatu kwenye ubao wa plaiwudi wa sentimita 60 kwa 60, paka, bandua utepe rangi ikiwa bado mbichi kidogo ili kingo zikae kali. Ubao unahama na wewe. Ukuta unabaki salama.

6. Yadi sita za kitenge, dirisha moja na mto mmoja

Kitenge huuzwa kwa kipande cha yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, na upana wake ni kama mita 1.15. Dirisha lako tuseme lina upana wa mita 1.2. Pazia likikunjika vizuri linataka upana mara mbili ya dirisha, kwa hiyo vipande viwili vya kitenge vilivyosimama wima vinatosha. Kata kila kimoja mita 2.5, pindo likiwemo. Umetumia mita 5. Nusu mita inayobaki inatoa pande mbili za mto wa sentimita 45. Fundi cherehani anamaliza kazi hiyo wakati wewe unakunywa chai.

Siri ni mahali pa kutundika. Wengi hufunga bomba la pazia juu tu ya fremu, na dirisha linabaki dogo kama lilivyo. Lipandishe karibu na dari, na lizidi fremu kwa sentimita 20 kila upande. Pazia likifunguliwa linakaa ukutani, kioo chote kinabaki wazi, na mgeni anadhani dirisha ni kubwa. Ili kitenge kisififishwe na jua, shona kitambaa cheupe cha bei nafuu nyuma yake. Na ukishachagua kitenge chenye michoro mikubwa, viti na shuka viwe vya rangi moja tulivu. Michoro miwili mikubwa katika sebule ya mita 3 hugombana usiku kucha.

7. Taa mbili badala ya moja

Chini ya Mururu maji ya mto yanageuka umeme: mtambo wa Rusizi ya Pili, chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo, unafanya kazi tangu 1989. Kukaa jirani na mtambo, hata hivyo, hakukupunguzii bei ya kashi pawa, umeme wa kulipia kabla. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ukiiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku, umeokoa uniti 7 na ushee kwa mwezi kwa balbu moja.

Angalia pia rangi ya mwanga, imeandikwa kwenye boksi. 6500K ni nyeupe ya dukani, nzuri jikoni na mezani pa kusahihishia madaftari. 2700K au 3000K ni ya manjano tulivu, ya sebuleni na chumbani. Chumba chenye taa moja tu katikati ya dari huonekana kifupi na chenye vivuli usoni. Ongeza taa ya pili, ya mezani au ya kona, ikae chini ya usawa wa macho ukiwa umekaa. Waya ipite pembeni mwa ukuta, isipite chini ya zulia, na usichomeke mfululizo wa vipanuzi kwenye soketi moja. Kazi ya kugusa nyaya za ndani ya ukuta mwachie fundi umeme. Hapo "kwa mikono yako" imeishia.

Mchana tumia kioo. Kitundike kwenye ukuta unaokabili dirisha au ulio mkabala kidogo, si nyuma ya mlango, na mwanga wa nje utakuwa umeingia mara mbili.

8. Gawanya bila kujenga

Kama una chumba kimoja tu, kitanda kinachoonekana kutoka mlangoni hukufanya ushindwe kukaribisha mtu. Wazee walilijua jambo hilo. Nyumba ya msonge ya Rwanda iligawanywa ndani kwa insika, viwambo vilivyosukwa kwa matete na kupambwa mistari ya pembe, na kitanda kilikaa nyuma yake. Ukifika Rukari, Nyanza, kwenye jumba la makumbusho la mfalme, utaona mfano wa nyumba hiyo kubwa na viwambo vyake.

Wewe fanya hivi: funga waya au bomba jepesi darini, tundika mkeka mwembamba wa mafunjo au kitambaa cha rangi ya ukuta, kifike karibu na sakafu. Kiache nafasi ya sentimita 30 juu ili mwanga na hewa vipite. Ukitaka kigumu zaidi, rafu ya vitabu isiyo na mgongo isimame katikati ya chumba, vizito chini, juu vikapu. Inagawanya, inahifadhi, na siku ya kuhama inapanda kwenye gari.

9. Sakafu imejaa, ukuta uko bure

Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa na vyumba vyembamba sana, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita 2.5 hadi 3. Mafundi hawakujaza kabati. Walichonga zidaka ndani ya ukuta wenyewe, safu kwa safu, vyombo vikakaa humo, na ukuta mweupe wa chokaa ukaonekana kuwa na kina. Watu walipita bila kujigonga.

Huwezi kuchonga ukuta wa mwenye nyumba, lakini unaweza kufuata wazo hilo. Weka rafu nyembamba, za sentimita 15 hadi 20, juu ya usawa wa mlango, kuzunguka chumba, isipokuwa juu ya kitanda. Masanduku mepesi na vitu vya msimu vinakaa huko. Nyuma ya mlango funga kitambaa chenye mifuko ya kushonwa: viatu, dawa ya meno, mwavuli. Chini ya kitanda tia masanduku mafupi yenye magurudumu.

Kwa vitu vidogo, vikapu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na agaseke, kikapu chake cha asili, kimo hadi kwenye nembo ya taifa. Hakuna kisingizio cha kuficha vitunguu kwenye boksi la sabuni. Vikapu vitatu vya ukubwa tofauti vyenye mfuniko vinameza chaja, dawa, nyuzi na risiti, na vinabaki pambo.

10. Pima mlango kabla ya kuagiza kiti

Tunajuana: seti ya viti saba, meza ya kioo katikati, vitambaa vya kufuma kila mgongo, na mgeni anapita kwa ubavu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita 9 za mraba. Kitanda cha mita 1.4 kwa 1.9 peke yake kinakula karibu asilimia 30. Sebule nayo ina hesabu hiyohiyo.

Chora kila fanicha kwa chaki sakafuni kabla ya kulipa. Pitapita. Acha njia ya sentimita 60 angalau. Kisha pima mlango na ile kona ya uwani, maana kuna makochi yaliyolala nje usiku mzima kwa sababu ya kona.

Agiza kwenye agakiriro, ambako maseremala, wachomeleaji na mafundi wa makochi wako pamoja, na uende na michoro yako. Kochi la watu wawili lenye miguu mirefu huonyesha sakafu chini yake na chumba kinapumua. Vigoda vitatu vinavyoingia chini ya meza vinakaa badala ya viti vitatu. Uliza mbao zimekaushwa muda gani: grevilea na mkaratusi mbichi hujipinda baada ya kuingia ndani, na mlango wa kabati ukishapinda, hapana ubishi utakaounyoosha.

11. Vizito vikae chini

Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilipiga eneo la Ziwa Kivu. Rusizi, Nyamasheke na Bukavu ziliumia. Watu walifariki, majengo yalianguka, makanisa yakiwemo, wakati watu wako ibadani. Tunakaa juu ya Bonde la Ufa, na ardhi hapa hujikumbusha mara kwa mara.

Kwa mpambaji maana yake ni rahisi. Juu ya kitanda usitundike kioo, rafu wala fremu yenye kioo. Tundika kitambaa, mkeka au kikapu. Kabati refu lifungwe ukutani juu kwa kipande cha chuma au kamba imara. Televisheni isikae ukingoni. Njia kutoka kitandani hadi mlangoni iwe wazi hata gizani. Hakuna hata kimoja hapo kinachopunguza uzuri.

12. Moshi, sambaza na kitanda

Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ni watamu, lakini harufu yao haina mpango wa kuondoka. Pazia na makochi huishika kwa siku. Kaanga nje au kwenye kibaraza, au dirishani, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Jiko la makaa lisiingie kabisa ndani kwa ajili ya kupasha chumba joto usiku wa mvua: hewa inayotoka kwenye makaa, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Mtungi wa gesi nao usimame wima, penye hewa, mbali na moto.

Chumbani, kitanda ndicho picha kubwa kuliko zote, basi kitendee haki. Shuka za rangi moja, mito miwili, na chandarua kilichonyooka. Chandarua cha pembe nne kikifungwa darini kwenye ndoano nne, mchana unakikunja juu kwa utepe wa kitenge kilekile cha dirishani. Hakitaonekana tena kama nguo iliyosahaulika, na mbu wa mvua watakuta umejipanga. Sakafuni, zulia la plastiki lifunue kila wiki mbili. Sementi hutoa unyevu, na chini ya zulia kuvu hujikusanya bila wewe kujua. Zulia dogo linaloinuka ni bora kuliko kubwa lililobanwa na miguu ya kitanda.

13. Pesa iende kwa miezi

Usikope ili upambe. Mwezi wa kwanza: mfereji, jiki, puti, msasa na rangi. Mwezi wa pili: balbu, bomba la pazia, kitenge na kioo. Mwezi wa tatu: rafu, vikapu, na fanicha moja tu, ile unayoitumia kila siku. Picha, mimea na mapambo ya ukutani vije baada ya hapo, kimoja kimoja. Ukiweka mimea, sahani ya chini ya chungu isikae na maji, usije ukafuga mbu kwa jina la urembo.

Mwezi wa nne usinunue kitu. Kaa humo, karibisha watu, msikilize mgeni anauliza nini: pa kuweka viatu ni wapi, swichi iko upande gani, mwavuli auweke wapi. Mara nyingi utagundua kwamba kilichokosekana wala si pambo, ni ndoano moja imara nyuma ya mlango ya kutundikia koti la mvua. Nunua hiyo.